Mwenzako Akikoroma, Isikilize Pumzi Yake



Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya fedha, wakwe, malezi ya watoto na uaminifu. Leo tuzungumze juu ya usingizi, na hasa juu ya kukoroma. Katika nyumba nyingi kukoroma ni kichekesho. Watoto humwigiza baba yao, mama huwasimulia wenzake baada ya mkutano wa jumuiya, na baba hukana kabisa kwamba yeye hukoroma. Katika nyumba nyingine kicheko kimekwisha. Mama amehamia kitanda cha watoto, au baba amehamia sebuleni, na hakuna anayemweleza mwenzake sababu.

Kuna kukoroma kwa kawaida na kuna kukoroma kunakotangaza ugonjwa. Ugonjwa huo ni wa pumzi kukatika usingizini. Madaktari huuita apnea, neno la Kigiriki lenye maana ya kukosa pumzi. Mwenye ugonjwa huu kwa kawaida hajijui, kwa sababu mambo yote hutokea akiwa amelala. Anayeweza kumgundua wa kwanza ni yule anayelala kando yake. Kwa hiyo somo hili ni la mume na mke kabla ya kuwa la daktari.

UGONJWA HUU NI NINI?

Mtu anapolala, misuli ya mwili mzima hulegea, pamoja na misuli ya koo na ulimi. Kwa watu wengi njia ya hewa hubaki wazi. Kwa wengine hupungua upana, na hewa ikipita kwa shida nyama laini za koo hutikisika. Huko ndiko kukoroma. Kwa wengine tena njia huziba kabisa. Kifua na tumbo huendelea kujitahidi kuvuta hewa, lakini hakuna hewa inayoingia.

Pumzi ikisimama sekunde 10 au zaidi, madaktari huhesabu hiyo kuwa mara moja. Oksijeni katika damu hushuka. Ubongo hushtuka na kumwamsha mtu kidogo tu, bila yeye kujua. Misuli hukaza, koo hufunguka, naye huvuta hewa kwa kishindo kama mtu aliyeibuka kutoka majini. Kisha hulala tena, na koo huziba tena.

Ikitokea mara 5 hadi 14 kwa saa, ugonjwa ni mdogo. Mara 15 hadi 29 ni wa kadiri. Mara 30 na zaidi ni mkali. Hebu tupige hesabu. Mtu ambaye pumzi yake hukatika mara 30 kwa saa, akilala saa 7, mwili wake umepambana mara 210 kabla ya jogoo kuwika. Asubuhi anasema alilala vizuri, lakini hajui kwa nini amechoka kuliko alipoingia kitandani.

Ugonjwa huu si wa watu wachache. Mwaka 1993 watafiti wa jimbo la Wisconsin, Marekani, walitangaza matokeo ya kuwapima wafanyakazi wenye umri wa miaka 30 hadi 60. Katika kila wanaume 100, 24 walikuwa na pumzi inayokatika mara 5 au zaidi kwa saa, na katika kila wanawake 100, 9. Mwaka 2019 wataalamu walikadiria kwamba watu wapatao milioni 936 duniani, wa umri wa miaka 30 hadi 69, wanao.

DALILI ZAKE

Dalili za usiku huonwa na mwenzi. Kukoroma ni kwa sauti kubwa, karibu kila usiku. Katikati huja kimya cha ghafla, kisha kishindo cha kuvuta hewa au kukabwa. Mtu hutokwa jasho, hugeukageuka, na huamka mara nyingi kwenda haja ndogo.

Dalili za mchana huonwa na kila mtu, lakini hupewa majina mengine. Kichwa huuma asubuhi. Kinywa hukauka. Mtu husahau, hukasirika upesi, na husinzia popote anapoketi: katika matatu, kwenye mkutano wa shule, wakati wa mahubiri. Tukumbuke kijana Eutiko katika Matendo ya Mitume 20. Alisinzia Mtakatifu Paulo akihubiri hadi usiku wa manane, akaanguka kutoka ghorofa ya tatu. Paulo hakumgombeza kwa kukosa ibada. Alishuka kwanza akamshughulikia. Nasi tukimwona ndugu anayesinzia kanisani kila Jumapili, tusimhukumu haraka kuwa imani yake imepoa.

UGONJWA WENYE NDUGU WENGI

Hapa ndipo tunapotakiwa kuwa makini. Pumzi inayokatika haibaki kooni. Huita magonjwa mengine.

Presha. Katika usingizi mzuri shinikizo la damu hushuka, na moyo hupumzika. Lakini kila pumzi inapokatika, mwili hutoa kemikali za hofu, zile zile zinazotoka mtu anapokutana na nyoka shambani. Mishipa hukaza na presha hupanda. Ikiwa hivyo usiku baada ya usiku, presha hubaki juu hata mchana. Karibu nusu ya wenye apnea wana presha. Na mtu anayemeza dawa za presha za aina 3 bila kushuka anapaswa kuulizwa jinsi anavyolala. Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa Kenya mwaka 2015 ulionyesha kuwa karibu mtu mzima 1 katika kila 4 ana presha ya juu, na kwamba zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa.

Moyo na kiharusi. Moyo uliokosa oksijeni na kusukumwa kwa nguvu usiku kucha unaweza kuanza kupiga ovyo au kuchoka. Damu ikiganda ndani ya moyo unaopiga ovyo, bonge lake linaweza kwenda kwenye ubongo na kuleta kiharusi. Katika vijiji vyetu mtu akiamka asubuhi mkono na mguu vimekufa ganzi na mdomo umekwenda upande, wengi hutafuta aliyemroga. Afadhali apelekwe hospitali saa ile ile, na baadaye familia ijiulize juu ya presha yake na usingizi wake.

Kisukari. Usingizi uliovunjika hufanya mwili usiitii insulini vizuri, na sukari hupanda. Uchovu nao humfanya mtu atafute chai yenye sukari nyingi na mandazi ili achangamke. Uzito huongezeka, shingo hunenepa, koo huziba zaidi. Ni mduara usiokwisha mpaka mmoja aukate.

Haja ndogo ya usiku. Wanaume wengi wakiamka mara 3 au 4 hufikiri ni tezi ya kiume au kisukari. Yaweza kuwa hivyo, na wapimwe. Lakini kifua kinapovuta hewa dhidi ya koo lililofungwa, damu nyingi huvutwa moyoni. Moyo hudhani mwili una maji mengi, nao hutuma ujumbe kwa figo zitengeneze mkojo.

Ajali. Madereva wenye ugonjwa huu hupata ajali mara 2 au zaidi kuliko wengine. Tufikirie barabara zetu: malori yanayopita Webuye na Bungoma kwenda Malaba, magari ya mahindi yanayotoka Kitale, matatu zinazoanza kazi alfajiri, na vijana wa bodaboda. Sheria ya Kenya hairuhusu dereva wa gari la biashara kuendesha zaidi ya saa 8 kwa siku. Ni sheria njema. Lakini dereva ambaye pumzi yake hukatika usiku anaweza kuitii sheria hiyo, akalala saa 8 kamili, na bado akashika usukani bila kupumzika. Abiria 14 nyuma yake hawajui.

NDOA INAVYOJERUHIWA

Tuchukue mfano. Baba anarudi nyumbani jioni, anakula, na kabla ya mama kumaliza kusimulia mambo ya siku ile, baba anakoroma kitini. Mama anajisemea, "Siku hizi sina maana kwake." Usiku mama halali kwa kelele. Asubuhi wote wawili wamechoka, na neno dogo juu ya karo ya shule linakuwa ugomvi mkubwa.

Kuna jambo jingine ambalo wengi huona haya kulitaja. Ugonjwa huu hupunguza hamu ya tendo la ndoa, na kwa wanaume unaweza kuleta upungufu wa nguvu za kiume, kwa sababu ya uchovu, mishipa ya damu iliyochoka na homoni kupungua. Mke asiyejua hili hufikiri kuna mwanamke mwingine. Mume asiyejua hununua dawa za siri sokoni kwa watu wasio na ujuzi, na huenda zikaudhuru moyo ambao tayari umelemewa. Kumbe jibu lingeanza na mke kumwambia mumewe kwa upole: "Baba watoto, usiku pumzi yako husimama. Nimeogopa."

Na kuhama kitanda je? Mtakatifu Paulo, katika 1 Wakorintho 7, anawataka wanandoa wasinyimane isipokuwa kwa kupatana, na kwa muda. Kulala chumba kingine kwa mapatano, ili mmoja apate nguvu wakati matibabu yanatafutwa, si dhambi wala si talaka. Kinachobomoa ni kuhama kwa kimya na hasira. Tena kuna hatari: ukihama, hakuna tena anayeisikiliza pumzi ya mwenzako.

NI UGONJWA WA WANAUME TU?

La. Kina mama nao wanao, hasa baada ya kukoma hedhi, na wakati wa ujauzito uzito unapoongezeka. Mama mjamzito anayekoroma sana amweleze mkunga kliniki, kwa sababu apnea huambatana na presha ya mimba, ambayo ni hatari kwa mama na mtoto. Mara nyingi mwanamke hakoromi kwa kishindo. Analalamika juu ya kukosa usingizi, kuumwa kichwa, uchovu na huzuni, na hupewa dawa za hayo tu. Wanawake wengi pia huona aibu kuambiwa wanakoroma. Bwana, usimtangazie mkeo mbele ya wageni. Mwambie mkiwa wawili.

Watoto pia. Mtoto anayekoroma kila usiku, analala mdomo wazi, anakojoa kitandani baada ya kuwa ameacha, na shuleni hatulii, huenda ana tonsili au tezi za nyuma ya pua zilizovimba. Msimchape. Mpelekeni kwa daktari wa masikio, pua na koo. Watoto wengi hupona tezi hizo zikiondolewa. Huku kwetu magharibi mwa Kenya tuna watoto wengi wenye ugonjwa wa selimundu. Hao hupatwa na tatizo hili zaidi ya wengine, na kushuka kwa oksijeni usiku ni hatari zaidi kwao. Mzazi wa mtoto wa selimundu anayekoroma asingoje.

MASWALI MANANE

Mwaka 2008 madaktari wa Toronto, Canada, walitoa maswali 8 mepesi ambayo sasa hutumika duniani kote. Mnaweza kuyajibu wawili jioni moja, kila mmoja akimjibia mwenzake yale asiyoweza kujijibia.

1. Je, anakoroma kwa sauti inayosikika nje ya mlango uliofungwa?
2. Je, mchana huwa amechoka au anasinzia mara kwa mara?
3. Je, kuna aliyemwona pumzi ikikatika usingizini?
4. Je, ana presha au anatumia dawa za presha?
5. Je, uzito wake umezidi sana? (Kwa mtu wa urefu wa mita 1.70, ni zaidi ya kilo 101.)
6. Je, ana zaidi ya miaka 50?
7. Je, shingo yake ina mzunguko wa zaidi ya sentimita 40? Tumieni utepe wa fundi cherehani.
8. Je, ni mwanamume?

"Ndiyo" 3 au 4 ni sababu ya kumwona daktari. "Ndiyo" 5 au zaidi, msicheleweshe. Maswali haya hayathibitishi ugonjwa. Kuthibitisha ni kazi ya kipimo cha usingizi, ambapo pumzi, oksijeni na mapigo ya moyo hurekodiwa mtu akiwa amelala.

LA KUFANYA

Nyumbani, anzeni na haya.

Kwanza, alale ubavu. Akilala chali ulimi huanguka nyuma. Dawa ya zamani ni kushona mfuko mgongoni mwa fulana ya kulalia na kutia mpira mdogo ndani yake. Hata ule mpira wa makaratasi wa watoto unafaa. Akigeuka chali utamsumbua, naye atarudi ubavuni.

Pili, aache pombe, hasa jioni. Busaa, chang'aa na bia zote hulegeza koo na kumzuia mtu asishtuke pumzi inapokatika. Vidonge vya usingizi bila daktari ni hatari kwa sababu hiyo hiyo. Sigara huvimbisha koo.

Tatu, apunguze uzito akiwa mnene. Kwetu kitambi huhesabiwa kuwa dalili ya neema, na mke husifiwa mumewe akinenepa. Tuache fikra hiyo. Mtu wa kilo 100 akipunguza kilo 10 tu, pumzi hukatika mara chache zaidi, kwa karibu robo. Mama asipike chakula cha mgonjwa peke yake kana kwamba ni adhabu. Nyumba yote ipunguze ugali, mafuta, soda na sukari, iongeze mboga na maharagwe, na watembee pamoja jioni.

Kisha tafuteni wataalamu. Tangu mwaka 2023 wahudumu wa afya wa jamii wamepewa vifaa vya kupima presha na sukari nyumbani. Mwiteni wa kijiji chenu. Nendeni zahanati, na mkihitajika nendeni hospitali ya rufaa ya kaunti, Kitale au Bungoma. Kutoka huko mnaweza kutumwa Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Moi, Eldoret. Ulizeni mapema kipimo kinapatikana wapi, kinagharimu kiasi gani, na kama bima ya SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, italipia sehemu yoyote.

Jambo kubwa ni hili: mwende wawili. Daktari akimuuliza mgonjwa, "Unalalaje?" atajibu, "Vizuri." Mwenzi ndiye shahidi. Mkiwa na simu yenye kamera, rekodini dakika chache za usingizi wake mumwonyeshe daktari. Lakini mwenzako ajue na akubali, na video hiyo isitumwe kwa mtu mwingine yeyote.

Kwa ugonjwa wa kadiri na mkali kuna mashine ndogo inayosukuma hewa puani kwa bomba na barakoa, ili koo lisizibe. Iligunduliwa Sydney, Australia, na daktari Colin Sullivan, aliyeitangaza mwaka 1981. Humrudishia mtu usingizi na uchangamfu, na hushusha presha kiasi. Lakini haichukui nafasi ya dawa za presha au kisukari, ziendelee. Ni ghali, inahitaji umeme, na barakoa yake si nzuri kutazama. Mke mwenye upendo hatamcheka mumewe akiivaa. Kwa wengine kuna kifaa cha mdomoni kinachovuta taya mbele, au upasuaji.

NENO LA IMANI

Wako wanaosema, "Hilo ni pepo linamkaba, aombewe tu." Tuombe, ndiyo. Lakini kitabu cha Yoshua bin Sira, sura ya 38, chatufundisha kwamba daktari na dawa vyote vyatoka kwa Mungu, na kwamba mwenye busara hadharau dawa. Mgonjwa asali, na amwendee daktari. Hayo mawili hayagombani.

Siku ya harusi tuliahidiana kutoachana katika uzima wala katika ugonjwa. Wengi tulifikiri juu ya ugonjwa wa kulazwa, wenye wageni na matunda. Ugonjwa huu huja gizani, saa nane za usiku, na mtu mmoja tu ndiye aliye macho. Katika Mwanzo 2 Mungu aliona si vema mtu awe peke yake, akampa msaidizi. Msaidizi huyo hutakiwa hata wakati mwenzake amelala.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA WAWILI

1. Je, mimi hulalaje? Niambie ukweli bila kunicheka.
2. Je, tumewahi kugombana juu ya uvivu, usahaulifu au baridi ya chumbani, kumbe huenda ni uchovu wa ugonjwa?
3. Je, sote wawili tumepimwa presha na sukari mwaka huu? Kama sivyo, tutakwenda siku gani?
4. Kama mmoja wetu ni dereva, tutafanya nini siku anapoamka bila kupumzika?

ZOEZI LA WIKI HII: Usiku mmoja, kabla ya kumsukuma mwenzako kwa kiwiko anyamaze, ngoja kidogo. Sikiliza. Kukiwa na kimya, hesabu polepole. Ukifika 10 kabla ya pumzi kurudi, na hali hiyo ikajirudia, mgeuze ubavu kwa upole, na asubuhi zungumzeni juu ya kwenda hospitali.